Wafadhili wanakuja Pangani na semina ya afya ya akili ya siku 5, niwaambie nini ili kitu kibaki?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni nesi kwenye kituo cha afya huku Pangani. Kuna wafadhili wana pesa ya miaka miwili, wanataka kufundisha afya ya akili kwa matabibu, manesi na WAJA (wahudumu wa afya ngazi ya jamii), semina ya siku 5 hotelini Tanga mjini. Shida ni kwamba semina kama hii tulishaipata huko nyuma, vyeti tukapewa, vitabu tukapewa, tabibu aliyeshika mambo vizuri akahamishwa, dawa zikakata, vitabu vipo kabatini mpaka leo. Safari hii wameomba mapendekezo yetu. Niwaambie nini? Na hawa WAJA kweli wanaweza kumsaidia mtu mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, au tunawabebesha mzigo tu? Na waganga na mashehe tuwaweke wapi, maana huku mgonjwa anaanzia huko, kwetu anakuja wa mwisho.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza matatu ila mi naona yote yananing'inia kwenye moja. Ningekuwa mimi kwenye hicho kikao ningewauliza hivi kabla hatujafika kwenye chai: semina imeisha, vyeti vimegawiwa, sasa miezi mitatu baadaye nani anakuja kukaa na huyu tabibu pale zahanati, anakuja mara ngapi, na mafuta ya pikipiki yake yako kwenye bajeti ya nani? Wakikosa jibu hapo basi hata wakileta maprofesa kumi mtarudi kabatini kulekule.

Nakupa mfano ambao uwe nao mkononi kabisa siku hiyo, manake wafadhili wanapenda ushahidi. Pakistan vijijini, mtafiti Atif Rahman na wenzake walichukua wale kina mama wahudumu wa afya wa serikali, wanawaita Lady Health Workers, si wasomi wa saikolojia, ni watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuangalia wajawazito na watoto. Wakawafundisha jinsi ya kumsaidia mama mwenye sonona ya ujauzito na baada ya kujifungua. Unajua walifundishwa siku ngapi? Siku 2. Halafu siku 1 ya marudio baada ya miezi minne. Ila kila mwezi walikutana kwa makundi na msimamizi wao nusu siku nzima, kila mmoja anasimulia mama gani kamshinda na wapi kakwama. Matokeo yalitoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2008: mtoto akifika miezi 6, kina mama waliohudumiwa hivyo waliobaki na sonona walikuwa 23%, wale waliotembelewa kawaida tu 53%. Siku 2 za darasa na hicho kikao cha kila mwezi. Sasa nyie mnapewa siku 5 na kikao hakuna, we mwenyewe ona.

Kwaiyo pendekezo la kwanza, tena liandike hivohivo, waambieni wapunguze semina iwe siku 3, na ifanyikie hukohuko Pangani, ukumbi wa halmashauri au hata darasa la shule likizo, ile pesa ya hoteli na malazi na posho za siku mbili zilizobaki waihamishie kwenye usimamizi shirikishi wa miezi yote iliyobaki. Najua hili litawaudhi watu wako, manake semina ya mjini ndo posho yenyewe na watu wana ada za watoto, tusijidanganye. Mi sisemi posho iondolewe, nasema igawanywe, mtu apate kidogo kila anapohudhuria kikao cha mwezi badala ya kupata yote kwa mkupuo halafu asionekane tena.

Sasa huo usimamizi wenyewe unafananaje, hapa ndo watu wengi wanakosea. Gari linakuja, timu inashuka watu sita, wanakagua choo, wanakagua chanjo, wanajaza fomu, wanasaini kitabu cha wageni, wanaondoka kabla ya saa saba. Huo si usimamizi wa afya ya akili. Unaotakiwa ni mtu mmoja, mratibu wa afya ya akili wa wilaya au nesi mzoefu wa fani hiyo, anafika asubuhi anakaa pembeni ya tabibu kwenye OPD, pale wanapoonwa wagonjwa wa nje. Hasemi kitu. Anaingia mama wa miaka 40 hivi, anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, usiku halali, mwili hauna nguvu. Tabibu anaandika kipimo cha malaria, malaria hasi, anaandika UTI, antibayotiki, mwingine apite. Dakika nne. Foleni ikiisha msimamizi anafungua kitabu cha OPD cha MTUHA, ile rejesta ya wagonjwa, anamwonyesha, huyu mama jina lake hili hapa, alikuja wiki mbili nyuma, alikuja na mwezi juzi, mara zote kichwa na moyo, mara zote malaria hasi na dawa kapewa. Hapo hamfokei, anamuuliza tu, unadhani huyu ana nini? Halafu wanakubaliana kwamba akirudi tabibu ataongeza maswali mawili, je bado unafurahia vile ulivyokuwa unafurahia, na je mawazo yamekuzidi. Mwezi unaofuata msimamizi anaanzia hapohapo, yule mama alirudi? Ulimuuliza? Akasemaje?

Saa mbili za namna hiyo zinazidi slaidi mia, na tabibu hasahau manake ni mgonjwa wake mwenyewe anayemjua kwa jina na pengine kwao wanauza samaki pale feri.

Kitu kingine ni mtihani. Semina zetu zina mtihani wa kuingilia na wa kutokea, watu wanatoka na 45 wanaishia na 85, kila mtu anafurahi, ripoti inaandikwa. Sasa ule mtihani unapima kumbukumbu tu. Mwambie huyohuyo mwenye 85 aigize, mwenzake awe mgonjwa, amuulize kuhusu kujiua. Utaona anainama kwenye karatasi, anasoma harakaharaka "je-umewahi-kufikiria-kujidhuru-hapana-eh", hajamwangalia mtu usoni na jibu la hapana kashalitoa yeye mwenyewe. Hiyo huwezi kuiona kwenye karatasi ya kuchagua jibu. Ndo maana mtafiti Brandon Kohrt na timu yake walipokuwa Nepal walitengeneza kipimo kinaitwa ENACT, mtu anapimwa akiwa kwenye igizo, anasikilizaje, anaelezaje usiri, anaulizaje mambo ya hatari, na sa hivi WHO na UNICEF wameingiza kipimo hicho kwenye mfumo wao unaitwa EQUIP, upo mtandaoni. Waambie wafadhili wako cheti kitolewe baada ya igizo na baada ya miezi mitatu kazini, siyo Ijumaa mchana kabla ya basi. Wengine watanuna. Wacha wanune.

Hilo la tabibu kuhamishwa sasa. Uhamisho hauwezi kuuzuia, yuko mtumishi wa serikali leo Pangani kesho Kilindi, na wengine wanaomba wenyewe kumfuata mume au mke. Kwaiyo msifundishe mtu, fundisheni kituo. Kila zahanati watoke wawili, mmoja yule tabibu au nesi mwajiriwa ambaye kesho anaweza kuondoka, mwingine mwenyeji asiyeenda popote, mara nyingi ni mhudumu wa afya aliyezaliwa palepale na kajenga palepale. Na mratibu wa wilaya apewe jukumu la maandishi kwamba mtumishi mpya akiripoti, ndani ya mwezi wa kwanza anakaa naye siku moja kituoni. Siku moja tu na ile daftari ya wagonjwa wanaoendelea na dawa, amkabidhi majina. Ile daftari ndo kila kitu bwana, mgonjwa wa saikosisi, yule anayesikia sauti au kuona visivyokuwepo, akikosa sindano yake ya mwezi kwa sababu nesi mpya hakujua kama yupo, familia inamfunga kamba tena na hapo jitihada za miaka miwili zimekwisha.

Tena ukiweza gusia na vyuo. Mkoa wetu una vyuo vya uuguzi na utabibu, wanafunzi wanakuja fildi kila mwaka, wakipitia kwenye kituo kinachohudumia afya ya akili wanatoka wakiijua kama sehemu ya kazi, hawangoji semina. Hii inachukua muda na wafadhili wa miaka miwili hawaipendi sana kwasababu haitoi namba za haraka, lakini we iseme.

Dawa. Hapa nakuwa mkali kidogo. Usikubali mafunzo yaanze kabla hamjajua hali ya dawa, manake tabibu uliyemfundisha kutambua kifafa halafu hana fenobabitoni ya kumpa, atatambua mara tatu nne kisha ataacha, na ana haki ya kuacha. Mwongozo wa mhGAP wa WHO, wa kuhudumia afya ya akili kwenye vituo visivyo na mtaalamu, ule wa 2010 na toleo la pili la 2016, una mada nyingi, sonona, saikosisi, kifafa, watoto na vijana, usahaulifu wa uzeeni, pombe na dawa za kulevya, kujidhuru. Watawaletea zote kwa siku 5. Mi nasema anzeni na kifafa, saikosisi na sonona, na kujidhuru iwemo ndani ya zote, zingine mwaka wa pili. Na naweka kifafa mbele kwa makusudi, baadhi ya wenzangu wananishangaa wanasema hicho ni cha neurolojia, sawa, ila angalia, fenobabitoni ni bei rahisi, kijana aliyekuwa anaanguka kila wiki anaacha kuanguka, kijiji kizima kinaona, anarudi kila mwezi kuchukua dawa kwaiyo tabibu anapata mazoezi kila mwezi, na jina la zahanati linapanda. Sonona inachelewa kuonekana, mtu akipona sonona jirani hajui hata kama aliumwa.

Kwenye dawa zenyewe muulize mfamasia wa wilaya mambo matatu: za kifafa, fenobabitoni au kabamazepini, za saikosisi, haloperidoli au klopromazini pamoja na ile sindano ya mwezi, na za sonona, amitriptilini au fluoksetini. Zipo kwenye maombi yenu ya MSD (bohari ya dawa ya serikali) au zilishaondolewa kwasababu "hazitumiki"? Mara nyingi hazitumiki kwa kuwa hakuna aliyeandika, na hakuna anayeandika kwa kuwa hazipo. Mduara huo mnaukata kwenye fomu ya maombi ya robo mwaka, ukumbini haukatiki. Na zile fedha zinazokuja moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kamati yenu ikiridhia mnaweza kuziba pengo MSD ikikosa.

Sasa WAJA. Jibu fupi, ndiyo wanaweza, na hatuna namna nyingine. Kwenye takwimu za WHO za 2020, nchi za kipato cha chini zina watumishi wa afya ya akili chini ya 2 kwa kila watu 100,000, nchi tajiri wako zaidi ya 60. Ukisubiri wanasaikolojia na madaktari wa akili wafike kijijini Mkwaja utasubiri sana. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, na kina bibi wa mtaani, wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, vikao sita, wanamsaidia achague tatizo moja na alitafutie hatua. Kwenye utafiti wao wa 2016 wenye watu 573 na kliniki 24, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa kama 14%, upande wa waliopata huduma ya kawaida karibu nusu. Watu wakisimulia habari hii wanasimulia bibi na benchi, wanasahau kusema kwamba wale bibi walikuwa tayari wafanyakazi wa idara ya afya ya jiji kabla ya mradi, na kwamba walikuwa na watu wa kuwasimamia na mahali pa kumpeleka mgonjwa aliyewazidi. Ukibeba benchi ukaacha hayo mawili umebeba ubao.

Karibu yetu zaidi, Moshi na Bungoma kule Kenya, washauri wasio wataalamu walifundishwa tiba ya kisaikolojia kwa watoto waliofiwa na wazazi, watoto 640, matokeo yalitoka 2020. Maeneo matatu kati ya manne watoto wa tiba walifanya vizuri kuliko wenzao, Moshi mjini ndo tofauti haikuonekana. Nakutajia na hilo makusudi, wafadhili wakikwambia njia imethibitishwa waulize imethibitishwa wapi na kwa nani, manake hata ndani ya mkoa mmoja mjini na kijijini hayalingani.

Tahadhari zangu kwa WAJA ni mbili tatu hivi. Msiwaite wataalamu na msiwape sonona kali wala saikosisi wakae nayo peke yao, kazi yao iwe kusikiliza kwa mpangilio, kufuatilia aliyekosa dawa, na kuleta mtu. Usiri, aisee, hapa Pangani kila mtu shangazi ya mtu, mwanamke hawezi kumsimulia mambo ya ndani mhudumu ambaye wifi yake anasuka naye ukili kibarazani. Mpe mgonjwa nafasi ya kuchagua mhudumu wa mtaa wa pili, jambo dogo ila likikosekana hawaji. Halafu wao wenyewe wanaelemewa, wanabeba habari za vipigo na misiba, kile kikao cha mwezi kiwe pia pa kupumulia. Na malipo: serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu ngazi ya jamii Januari 2024, lengo zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, kwaiyo mradi uwatumie hao walioko kwenye mfumo. Wakianzisha kundi lao la kujitolea lenye fulana na begi la rangi, fulana zikifubaa na kundi limekwisha.

Waganga na mashehe. Hilo la mgonjwa kuanzia huko si aibu wala si ujinga, mtu anasikia sauti usiku, bibi yake anasema jini, unategemea aanzie wapi, Tanga hii? Nigeria na Ghana, daktari wa akili Oye Gureje na wenzake walijaribu kumweka mtoa huduma wa zahanati afanye kazi pamoja na waganga na watu wa maombezi kwa wagonjwa wa saikosisi, wakatoa matokeo 2020, wagonjwa walipata nafuu zaidi kuliko wa huduma ya kawaida, na manyanyaso kama minyororo yakapungua, ingawa hayo yalipungua pande zote mbili. Mi nisingewaalika kwenye semina ya siku 3 wakae nyuma wasinzie. Nesi na mratibu waende kwao, wawasalimie vizuri, wazungumze mambo manne: mgonjwa asifungwe, asinyimwe chakula, dawa ya hospitali isisimamishwe kwa ajili ya kombe au kisomo, na mtu anayesema anataka kufa aletwe siku hiyohiyo. Kisomo kiendelee, hakidhuru. Na zahanati nayo irudishe heshima, wakiwaletea mgonjwa wapeni mrejesho, shehe akijua mtu wake anaendeleaje atawaletea wa pili.

Limebaki la nani anamsimamia msimamizi, manake mratibu wenu wa wilaya naye anakwama. Hapo ndo wataalamu wa hao wafadhili wana kazi. Ethiopia mwaka 2003 ilikuwa na madaktari wa akili 11 kwa nchi nzima, Chuo Kikuu cha Addis Ababa kikashirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walimu wakawa wanakuja mwezi mmoja mara tatu kwa mwaka kufundisha palepale Addis, wahitimu wakabaki wakawa walimu. Wale wageni walikuwa wanajipunguza kazi kila mwaka. Kwenu si lazima Toronto, hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ipo, na kule Korogwe milimani ipo hospitali ya Lutindi ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani. Mratibu na nesi mmoja mmoja wakae Lutindi au Bombo wiki mbili wakishika kazi, halafu mtaalamu wa hapo awe anapigiwa simu siku moja ya wiki inayojulikana, saa inayojulikana, kujadili wagonjwa waliokwama. Kuvuka mto kwenda Bweni na Mkwaja kila mwezi ni gharama, simu inaziba pengo mwezi ambao gari halipo, ila isichukue nafasi ya kwenda.

Yote haya yaingie kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, mstari wake kabisa, hata kama ni kidogo, mafuta ya mratibu na posho ya kikao cha mwezi. Mwaka wa kwanza mfadhili analipa yote, mwaka wa pili anapungua halmashauri inaongeza, na hilo lisainiwe mwanzoni. Mipango inaandikwa miezi kadhaa kabla ya Julai, ukichelewa umepoteza mwaka mzima, na miaka yenu ni miwili tu. Kwenye ripoti zao pia waombe wabadili cha kuhesabu, idadi ya waliofundishwa waiweke chini, juu waweke wagonjwa wangapi walirudi mara ya pili na ya tatu, hiyo inatoka kwenye daftari lenu lile na hakuna anayeweza kuipamba.

Sasa kabla hujawajibu hao wafadhili, nenda kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya) na mratibu wako uwaulize kama wanajua kuna watu wanakuja. Nimeona miradi inayoingia kwa mlango wa kituo, wilaya inaisikia siku ya ufunguzi, na huo mstari wa bajeti ninaokwambia hakuna atakayeuandika.